Kidole Kidogo na Mzigo wa Herufi A

MTU aliyezoea kuinua dele lililojaa kahawa, siku akipewa dele tupu bila ya kuambiwa, mkono humruka juu akashangaa mwenyewe. Na aliyezoea tupu akipewa lililojaa, dele husalia pale pale, ama huinuka nusu likamwaga. Si kwamba mmoja ana nguvu na mwingine hana. Mkono huupima mzigo kabla ya kuugusa, na huupima kwa kipimo cha jana.

Mambo ni hayo hayo kwa vidole vya mwenye kupiga chapa. Siku hizi si ajabu mtu anayekula kwa kuandika kuwa na kibodi mbili, moja ya afisini na moja ya nyumbani, na kila moja ikawa na uzito wake. Asubuhi huandika hii, usiku akaandika ile, kisha hukaa akajiuliza kwa nini maneno yake yamejaa makosa ilhali lugha anaijua na herufi zote ziko mahali pale pale.

Kibodi za bei rahisi huwa na kipande cha mpira chini ya vitufe vyake. Lakini ziko zile za swichi, ambazo kila kitufe kina swichi yake peke yake, na ndani ya swichi mna springi. Springi hizo hazilingani. Kampuni ya Cherry, ambayo swichi zake za MX zilianza katika miaka ya 1980 huko Ujerumani, huzitambulisha kwa rangi. Nyekundu, iliyotoka mwaka 2008, hutaka nguvu ya kama gramu 45 ili herufi iandikike. Nyeusi hutaka kama gramu 60. Kahawia ina kijigingi kidogo njiani, ambacho humwashiria mwandishi kuwa herufi imepita, na buluu huongeza mlio juu yake. Nayo kibodi kongwe ya IBM iitwayo Model M, iliyotoka mwaka 1985 na ambayo wapenzi wake hawajaiacha mpaka leo, hutaka karibu gramu 65 hadi 70.

Msomaji atauliza, gramu 45 na gramu 60 zina tofauti gani ya kumshughulisha mtu mzima? Naam, chukua kijiko kikubwa cha mezani. Maji ya vijiko vitatu ni kama gramu 45, na ya vijiko vinne ni kama 60. Tofauti yote ni kijiko kimoja cha maji. Lakini mtu aandikaye kurasa 10 kwa siku, kila ukurasa una herufi 2,000, hukiinua kijiko hicho mara 20,000 kabla ya magharibi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kwa kuwa tumeitaja methali hiyo, hebu tuihesabu. "Haba na haba hujaza kibaba" ina herufi 22, na katika hizo herufi A zimo 9. Methali hii imezidisha, ni kweli, lakini chukua habari yoyote ya Kiswahili katika gazeti ukahesabu, utaona hakuna herufi inayoifikia A kwa wingi. Na A iko wapi katika kibodi? Iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole kilicho dhaifu kuliko vyote kwa wengi wetu. Irabu nyingine zina wenyewe: E ina kidole cha kati cha kushoto, I ina cha kati cha kulia, U ina cha shahada, O ina cha pete. A peke yake ndiyo iliyotupiwa mnyonge, tena pamoja na Z.

Mpango huo haukuwekwa kwa ajili yetu. Ulitoka Marekani, kwa Christopher Sholes wa Milwaukee na wenzake, na mashine yao ikauzwa na Remington kuanzia mwaka 1874. Wao waliandika Kiingereza, ambamo herufi inayotumika kuliko zote ni E. Sisi tulipokea mashine kama ilivyokuja, tukaandikia Kiswahili.

Waliopiga taipu za zamani wanaujua mzigo huo. Katika mashine zile kidole ndicho kilichourusha mkono wa chuma ukaugonga utepe wa wino, kwa hivyo nguvu ya kidole ilionekana karatasini. Barua ya karani asiye na mazoezi ungeijua kwa A zake zilizopauka, na E na I zikawa nyeusi tititi. Mashine nyingi za afisini ziliwekewa kijiti cha kukaza na kulegeza uzito wa vitufe, ili kila mtu ajipimie. Zilipokuja taipu za umeme, kama vile Selectric ya IBM ya mwaka 1961, mota ndiyo iliyofanya kazi ya kugonga, na herufi zote zikatoka na weusi mmoja.

Kompyuta haina herufi iliyopauka. Ama herufi imeandikika, ama haikuandikika. Na hapo ndipo penye hatari ya kuhama kutoka kibodi nyepesi kwenda nzito. Kidole kidogo hubonyeza kwa kipimo cha nyepesi, kitufe kikashuka lakini kisifike pale panapoandika. Mwandishi anahisi amepiga, macho yako kwenye sentensi inayofuata, na A haipo.

Hatari huzidi pale A zinapofuatana mbili, maana kitufe hakina budi kuinuka kwanza ndipo kibonyezwe tena. Katika kibodi nzito, pigo la pili la haraka huweza kutofika. Katika nyepesi, kidole kilichozoea kusukumwa juu na springi kali huchelewa kuinuka, na pigo la pili likapotea vile vile. Kwa lugha nyingine huenda hilo likawa kosa la tahajia tu. Kwetu ni maana inayogeuka. Aliyekataa posa huwa ameikata. Rafiki aliyekufaa huwa amekufa.

Washairi wanaotuma beti zao magazetini wana sababu zaidi ya kusikiliza. "Rafiki amekufaa" ni kipande cha mizani 8, kimetimia. Ondoa A moja: "Rafiki amekufa." Mizani zimekuwa 7, kina kimetoka -a cha peke yake kikawa -fa, na rafiki mwenyewe amezikwa. Atakayesoma hatajua habari za springi. Atasema mtunzi huyu hajui kupima.

Ama anayehama kutoka nzito kwenda nyepesi, yeye mashaka yake ni kinyume. Kidole chake hupiga kwa nguvu za bure hadi kitufe kikagonga chini, na ncha za vidole zikauma. Tena amezoea kupumzisha vidole juu ya vitufe bila ya jambo kutokea, kumbe kwenye nyepesi kule kupumzika tu kwaweza kuandika. Kanga aliyomnunulia mkewe ikawa kaanga. Kwa hivyo asikudanganye mtu kuwa nyepesi ni bora daima au kuwa nzito ni ya wanaume. Nzito humlinda mwenye vidole vizito asiandike asichokusudia, na nyepesi humpumzisha mwenye kazi nyingi.

Mkono wenyewe hujifunza, ukipewa nafasi. Kwa wengine huchukua siku chache, kwa wengine wiki mbili. Wala si lazima kusahau kibodi moja ndipo uijue ya pili. Mtu husema Kimvita kwao na Kiamu akenda ukweni, asichanganye, kwa kuwa kila mahali pamemzoesha masikio. Vidole navyo huweza kuweka vipimo viwili, mradi vyote vitumike mara kwa mara na kila kimoja kiwe na alama yake ya kukitambulisha, kama mlio, kijigingi, au umbo la vitufe.

Mwenye kuhama basi na afanye haya. Mosi, asibadilishe mambo mawili kwa mara moja. Kibodi ikiwa mpya, kiti na meza viwe vile vile. Pili, apunguze mwendo siku za kwanza, kwani mwendo hurudi wenyewe, bali kosa likizoeleka haliondoki upesi. Tatu, kila anapoketi kwenye kibodi nyingine, kabla ya kazi apige mistari mitano ya maneno yenye A mbili: kukaa, kukataa, kufaa, saa, taa, baada. Ni kama mpiga udi anayepitisha vidole kwenye nyuzi kabla ya wimbo. Nne, ajifunze kutogonga chini. Swichi nyekundu na nyeusi za Cherry huandika kitufe kikishuka milimita 2, ilhali mwisho wake ni milimita 4. Nusu ya pili ya safari haina faida, na uchunguzi umeonyesha kuwa wapigaji wengi hutumia nguvu zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa.

Tena si lazima kidole dhaifu kibebe sawa na chenye nguvu. Kampuni ya Topre ya Japani imetengeneza kibodi za Realforce ambazo baadhi yake zimepimwa kidole kwa kidole: vitufe vya vidole vidogo gramu 30, vya vidole vingine gramu 45. Ziko pia kibodi ambazo swichi zake huchomolewa kwa mkono bila ya lehemu, na mwenye nayo anaweza kuweka nyekundu chini ya A peke yake, akaacha nyeusi kwingine kote. Anayeandika Kiswahili kutwa ana haki ya kulifikiria jambo hilo kuliko Mwingereza.

Na maumivu yasipuuzwe. Mkono ukifa ganzi usiku, au kifundo kikawaka kila baada ya kazi, hilo si suala la mazoea tena. Mtu apumzike, na yakiendelea amwone daktari. Anayelisha watoto kwa vidole kumi hana kimoja cha kutupa.

Mpaka vidole vitakapozoea, kila kilichoandikwa kwenye kibodi mpya kisomwe kwa sauti kabla ya kupelekwa. Jicho huiona A iliyokusudiwa hata kama haipo. Sikio litaikosa pale pale.