Msonyo Mmoja, Ofisi Nzima

Hadithi ya leo, wanangu, haina sungura wala fisi. Ina mtoto mchanga asiyelia, kwa sababu ni mwanasesere. Alilazwa kitandani huko Israeli, akazungukwa na madaktari na wauguzi wa wodi ya watoto njiti, yaani wale wanaozaliwa kabla ya siku zao kutimia. Watu hao hawakuwa wanafunzi. Kazi yao ya kila siku ni kuwahudumia vichanga. Siku hiyo walikuwa mazoezini tu: mwanasesere amepangiwa kuugua ugonjwa mbaya wa utumbo unaowaandama sana watoto njiti, hali yake ibadilike ghafla, nao waugundue na kuutibu mapema.

Waliambiwa kwamba kuna mtaalamu wa kigeni anayewatazama. Timu zilikuwa 24, zikagawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi zilisikia kwa mtaalamu huyo maneno ya kawaida, yasiyo na chumvi wala pilipili. Nyingine zilimsikia akisema kwamba ameshawatazama wenzao nchini humo na hakuvutiwa na matibabu yao. Baadaye akaongeza kwamba watu wa namna hiyo wasingemaliza wiki katika idara yake. Hakumtukana mtu. Wala maneno yake hayakuhusu kazi iliyokuwa ikifanyika mbele yake.

Kila timu ilirekodiwa kwa video. Waamuzi watatu, ambao hawakujua timu ipi imesikia nini, wakakaa na kutoa alama. Katika kuutambua ugonjwa, timu zilizobezwa zilipata wastani wa 2.6, nyingine 3.2. Katika kutoa tiba, 2.8 kwa 3.3. Mtasema tofauti ni ndogo. Kwenye mtihani wa shule, labda. Pale kitandani, kitu ambacho hakikutambuliwa kwa wakati ni ugonjwa.

Arieh Riskin, Amir Erez na wenzao walioandaa jaribio hilo walichapisha matokeo mwaka 2015, na mimi kilichonishangaza zaidi ni sababu waliyoikuta. Watu wale hawakusahau udaktari wao kwa sentensi mbili. Kilichopungua ni kupashana habari na kuombana msaada. Hebu fikirini muuguzi anaona tumbo la mtoto limeanza kuvimba. Siku ya kawaida angesema papo hapo. Leo anasita: je, nikikosea? Si ndiyo yule mgeni atasema tena hatujui kitu? Anangoja kidogo ahakikishe. Daktari naye hajui kwamba mwenzake ameona jambo, na hataki kuuliza asije akaonekana mjinga. Kila mmoja amebaki na kipande chake cha ukweli, na vipande havikutani.

Hadi hapo ufidhuli umeumiza, lakini bado haujaambukiza. Kwa hilo tuvuke bahari twende Florida, Marekani, ambako Erez huyohuyo alifanya kazi na Trevor Foulk na Andrew Woolum. Utafiti wao ulitoka mwaka 2016. Walikuwa na wanafunzi 90 wa shahada za juu waliokuwa wakijifunza kujadiliana, lile zoezi la kuvutana mpaka mpatane, wawili wawili, na kila mara unabadilishiwa mwenzako. Baada ya kila mjadala mwanafunzi alieleza mwenzake alikuwa mtu wa namna gani. Basi ikaonekana hivi: aliyesema kwamba mwenzake wa kwanza alikuwa fidhuli, yeye mwenyewe alielekea kuitwa fidhuli na mwenzake wa pili. Yule wa pili hakuwepo kwenye mjadala wa kwanza, hajui lililotokea huko, lakini limemfikia. Na hata ilipopita wiki nzima kati ya mjadala mmoja na mwingine, bado lilimfikia.

Linabebwaje? Watafiti walitega mtego mwingine. Watu wamekusanyika kufanya jaribio, mmoja anaingia amechelewa, anaomba radhi. Kwa baadhi ya makundi, msimamizi alimjibu kwa ustaarabu. Kwa mengine alimkaripia mbele za watu. Mchelewaji alikuwa anaigiza, wengine hawakulijua hilo. Kisha watazamaji wakapewa kazi ya kuonyeshwa maneno na kusema upesi lipi ni neno la kweli na lipi ni herufi zilizotupwatupwa tu. Walioshuhudia karipio waliyatambua maneno yenye ufidhuli haraka zaidi. Hakuna aliyewagusa wao. Wametazama tu, na tayari akili zao zimeyaweka maneno hayo karibu na mlango.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Hapa jambo limekwenda mbele zaidi: anashtuka hata aliyemwona mwenzake akiumwa.

Sasa njooni huku kwetu, kwenye ofisi yoyote. Asubuhi bosi amepita bila kuitikia salamu ya mhasibu. Saa nne mhasibu anapokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwenzake: "Umeshamaliza?" Neno hilo moja halina sauti wala uso. Siku nyingine angelisoma kama swali na kujibu bado kidogo, ndugu yangu. Leo analisoma kama kejeli, anajibu kwa ukali, na yule aliyeuliza kwa nia njema anabaki ameduwaa. Mchana huyo naye anamkatiza mhudumu wa ofisi katikati ya sentensi, mhudumu anageuka na kusonya. Ukiwakusanya wote jioni uwaulize nani alianza, kila mmoja atamwonyesha aliyemtangulia, na hatakuwa anasema uongo.

Wasomi wawili, Lynne Andersson na Christine Pearson, waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1999. Walieleza kwamba utovu wa adabu mdogomdogo kazini una sifa moja ya hatari: nia yake haiko wazi. Amenisonya, au alikuwa anatoa nyama kwenye jino? Hakuniitikia, au hakusikia? Ndiyo maana, kwa maoni yangu, msonyo husafiri mbali kuliko tusi. Tusi lina mashahidi, linafika kwa meneja, linaandikiwa barua ya onyo. Nani ataandika barua kuhusu kubinua mdomo? Utaonekana mtu wa visa. Na katika kazi nyingi mkubwa hajibiwi, kwa hiyo kilichotoka juu hakirudi juu. Kinateremka mpaka kwa aliye chini kabisa, mara nyingi kijana wa mafunzo aliyeripoti wiki hiyo, naye hana wa kumpa isipokuwa wadogo zake nyumbani. Mkiona kaka amerudi kutoka kazini na anafoka kwa sababu ya kijiko, kijiko hakina kosa.

Mtaniuliza kama kuna dawa. Timu ya Riskin na Erez ilirudi na jaribio jingine, likachapishwa mwaka 2017, na safari hii mwenye maneno makali alikuwa mama wa mtoto. Baadhi ya watabibu walikuwa wamecheza kwanza mchezo wa kompyuta: unaonyeshwa sura za watu, nyingine zimefurahi, nyingine zimekasirika, na nyingi zipo katikati, huwezi kuapa ni hasira au ni uchovu tu. Mchezo unakuzoesha taratibu usiwahi kuona hasira kwenye zile za katikati. Wengine hawakucheza, bali baadaye walipewa nafasi ya kuandika kuhusu lililotokea.

Waliocheza walisalimika na sehemu kubwa ya madhara. Walioandika, kuandika hakukuwasaidia. Sehemu hiyo niliisoma mara mbili nikitumaini nimekosea, maana mimi kazi yangu ni kalamu. Lakini ndivyo ilivyokuwa: mchezo ulikuja kabla ya yale maneno ya mama, kalamu ikaja wakati watu wameshayasikia.