Gereza, Ngome na Mnara wa Taa: Maneno ya Mwongoza Wageni Mombasa

Mfasiri anayetakiwa kutayarisha vibao au kijitabu cha kuwaongoza wageni katika mji wa kale hukutana na tatizo ambalo kamusi peke yake haiwezi kulitatua. Majengo anayotaka kuyaeleza yalikwisha kupewa majina na wenyeji tangu zamani, na majina hayo yamegeuka maana kadiri watawala walivyopishana. Katika makala haya tunakusudia kuyapitia maneno machache ya namna hiyo kwa kuufuata mwendo wa mgeni anayetembea Mombasa, kuanzia ngome ya Wareno hadi Ras Serani, zilipo taa za kuongozea meli.

Tuanze na neno gereza. Leo neno hili lina maana moja tu katika ofisi na mahakama zetu, nayo ni mahali pa kufungia wahalifu. Lakini asili yake, kama inavyokubaliwa na wengi, ni neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome yao, na jina la sehemu likaenea juu ya jengo zima. Hivyo kanisa likawa ngome, na ngome, kwa kuwa aghalabu hufungiwa watu, ikawa kifungo. Kule Kilwa Kisiwani ngome iliyo ufukweni ingali ikiitwa Gereza, ingawa aonyeshwaye hapo haonyeshwi jela.

Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Sasa mfasiri akiandika kwenye kibao neno gereza bila ya maelezo, mwanafunzi atakayelisoma ataamini kwamba jengo lile lilisimamishwa kwa ajili ya wafungwa. Miaka 300 iliyotangulia jela itampotea: Yusuf bin Hasan alivyowanyang'anya Wareno ngome mwaka 1631, na mazingiwa marefu ya Waomani yaliyoanza Machi 1696 yasiishe mpaka Desemba 1698. Kwa hiyo twaonelea kwamba ngome ndiyo iwe istilahi, na gereza litajwe kama jina la kihistoria, pamoja na sababu yake. Kulifuta kabisa kungekuwa kosa la pili, maana ndilo linaloshuhudia mambo yaliyopita hapo.

Yako maneno mengine yanayogombea nafasi hiyohiyo. Boma asili yake ni ua au kizuizi cha kulinda mji au mifugo, na tangu enzi za Wajerumani limeelekea zaidi kwenye makao ya serikali ya wilaya. Husuni ni la Kiarabu na maana yake hasa ni ngome, lakini Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa karne ya 14, ilikuwa kasri ya sultani. Anayetafsiri jina hilo kwa kufuata neno peke yake atamdanganya mgeni. Majina ya pekee tuyaache kama yalivyo, na aina ya jengo ielezwe kando.

Ndani ya ngome, kazi ya mfasiri ni nyepesi zaidi. Shimo refu lililochimbwa kuizunguka lina neno lake, handaki. Zile pembe nne zilizochomoza nje ya kuta, ambazo Wareno waliziita kwa majina ya watakatifu Filipo, Alberto, Mathayo na Mathiya, baadhi ya waandishi huziita minara. Hatukubaliani nao. Pembe hizo si ndefu kwenda juu. Zimetokeza ili mlinzi aweze kuupiga kwa ubavu ukuta wa jirani. Neno buruji limo katika kamusi zetu na halina kazi nyingi siku hizi. Tulipe kazi hii.

Kuhusu silaha, kosa linalorudiwa mno ni kuita kila silaha ya moto bunduki, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili. Silaha ishikwayo mikononi ni bunduki. Ile inayokalia magurudumu au sitaha ya manowari ni mzinga, iwe ya kale ya kushindiliwa baruti mdomoni, au ya karne ya 20 kama ile ya meli ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba, 1914. Mzinga wa nyuki na mzinga wa vita havijapata kumchanganya Mswahili yeyote.

Tufike Ras Serani. Mnara umetokana na Kiarabu manara, neno ambalo ndani yake mna maana ya mahali pa nuru. Kwetu nuru hiyo imefifia: tuna mnara wa msikiti, mnara wa saa, mnara wa mashujaa na sasa mnara wa simu. Ndiyo maana hatuna budi kusema mnara wa taa, ijapokuwa mjuzi wa Kiarabu atacheka kwamba tumewasha taa mara mbili. Vijana wa Mombasa waendao jioni kula mihogo na kunywa madafu kando ya bahari hulitaja eneo hilo kwa jina la Kiingereza lililokwisha kuzoea ndimi zao, Laitihausi. Hilo ni jina la mahali, nasi hatuna ugomvi nalo. Ila lisiingizwe katika kitabu cha shule kuwa istilahi ya chombo chenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo mabaharia wanalijua kuliko sisi. Taa za hapo zimewekwa mbili, moja mbele na ya pili nyuma, juu zaidi. Rubani anayeingiza meli akiziona zimesimama sawa, moja juu ya nyingine, hujua kwamba yumo mlangoni. Zikitengana, amekwenda upande. Hizi si mnara wa taa wa kawaida wala si boya. Tunapendekeza ziitwe taa za mlingano, na tungefurahi kupata kutoka kwa wasomaji walioko bandarini neno wanalolitumia wenyewe.