Darasa Lisilo na Kuta

Ilipotolewa amri mwezi wa Machi 2020 ya kufunga shule zote za Kenya kwa ajili ya maradhi ya Korona, na wanafunzi wasirejee wote madarasani hata Januari 2021, walimu wengi ambao tangu kuanza kazi hawakujua zana ila ubao na chaki walijikuta hawana budi kusomesha kwa simu. Na aghalabu walilofanya, wala si ajabu, ni kulitwaa somo la dakika arubaini kama lilivyo na kulihutubia mbele ya kamera, mpaka watoto wakasinzia na bando za wazazi zikateketea.

Kwa rai yangu, mzizi wa taabu ile ni kwamba mwalimu aliye darasani huziona nyuso, akamtambua asiyefahamu kabla hajafumbua kinywa, ilhali mwalimu wa mtandaoni hukosa neema hiyo, na kwa hiyo hulazimika kuyatafuta kwa makusudi yale ambayo macho yalikuwa yakimletea bure. Ndiyo sababu ya kulikata somo vipande vifupi. Philip Guo na wenzake, waliochunguza video za masomo za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, zilizotazamwa mara karibu milioni saba, walidhihirisha mwaka 2014 kuwa mtazamaji wa kawaida hadumu zaidi ya dakika sita, hata video iwe ndefu namna gani. Na wale aghalabu walikuwa watu wazima waliojiandikisha kwa hiari yao, seuze mtoto wa darasa la tano!

Baada ya kila kipande na lije swali, lakini si lile la "Mmeelewa?", ambalo hata asiyeelewa hulijibu "Ndiyo, mwalimu." Mwalimu akiwa anasomesha hesabu za sehemu, kwa mfano, na amwambie kila mtoto akunje karatasi mara mbili, apake rangi robo tatu, kisha apige picha na kuituma; au aulize ipi kubwa baina ya robo na thumni, kila mmoja aandike jibu lake asilitume mpaka mwalimu ahesabu tatu, ili mvivu asipate wa kumnakili. Atakayedhani thumni ni kubwa kwa kuwa nane yashinda nne atajulikana papo hapo.

Gharama nazo zina hukumu yake. Maelezo ya sauti yaliyorekodiwa, pamoja na picha moja ya ubao, hula bando kidogo mno kuliko video, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya haikukosea ilipotegemea pia redio ya taifa, KBC. Kipindi cha mubashara na kiwekwe kwa masuali na mabishano tu.

Na mtoto asiyeonekana siku mbili tatu asiandikiwe onyo katika kundi la simu la darasa, bali apigiwe simu mzazi wake, maana mara nyingi itabainika kuwa simu ya nyumba nzima ni moja, na baba huondoka nayo kazini alfajiri. Huyo basi kazi yake na ipokewe usiku.