Mpanda: Mnunuzi wa marudio ahesabu na gharama ya zebaki

Wafanyabiashara wanaonunua marudio ya dhahabu kutoka machimbo ya Mpanda, kama Dirifu na Ibindi, wanashauriwa kuhesabu zaidi ya bei ya tripu na gramu zinazotarajiwa.

Marudio ni mchanga unaobaki baada ya wachimbaji wadogo kukamatisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki haikamati dhahabu yote. Inayobaki hutolewa kwa sayanaidi. Hapo ndipo penye faida, na ndipo penye hatari: sayanaidi huyeyusha pia zebaki, ikasambaa majini kwa urahisi.

Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka nchi zikomeshe kutia sayanaidi kwenye marudio ambayo hayajaondolewa zebaki. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliipa NEMC uwezo wa kumwamuru aliyechafua ardhi airejeshe katika hali yake.

Kabla ya kulipa, uliza: zebaki imeondolewaje, cheti cha mazingira cha mtambo anacho nani, na mabaki ya mwisho yatawekwa wapi? Marudio ya bei rahisi yanaweza kukuachia deni la kusafisha kiwanja.