Jina la zao nalo ni mali

Mkulima hulinda shamba lake usiku na mchana, lakini jina linaloliuza zao lake huliacha bila mlinzi. Ethiopia ilikataa hali hiyo.

Mwaka 2005 serikali yake iliomba Marekani isajili majina ya kahawa zake tatu: Yirgacheffe, Sidamo na Harrar. Kahawa hizo ziliuzwa ghali ng'ambo, huku mkulima akiambulia kidogo. Baada ya mvutano, Juni 2007 Starbucks ilisaini mkataba wa kutumia majina hayo kwa leseni.

Alama ya biashara iliyosajiliwa humpa mwenyewe haki ya kumzuia mwingine kuitumia kwenye bidhaa za aina hiyo. Bila usajili, mjanja anaweza kufungasha bidhaa hafifu kwa jina lako, na wateja wakakukimbia wewe.

Tanzania Bara, usajili hufanywa BRELA. Ulinzi huanza na miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Zanzibar ina usajili wake. Kumbuka, kusajili jina la biashara hakutoshi. Hilo ni jambo jingine.

Kabla ya kuchapisha lebo za asali au unga wako, uliza kwanza kama jina hilo lina mwenyewe.