HATI ZA SHEHENA ZINAZOHAWILISHIKA: MAELEZO KWA WATUMISHI WA UMMA NA WANANCHI

Kila shehena isafirishwayo kwa meli hufuatana na karatasi. Miongoni mwa karatasi hizo ipo moja ambayo nguvu yake ni kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni hati ya shehena, ambayo makarani wa bandarini huiita kwa kifupi BL. Hati hiyo inamgusa mkulima wa karafuu wa Pemba, kwani zao lake haliwezi kulipwa na mnunuzi wa ng'ambo bila hati hiyo kufika benki. Inamgusa vilevile mwananchi aishiye mbali kabisa na bahari. Maelezo haya yanachukua mfano wa Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kwa sababu huko ndiko inakoonekana wazi faida ya hati hii, mipaka yake, na sababu ya mataifa kutaka kuitoa katika karatasi na kuiweka katika mtandao wa kompyuta.

Kazi tatu za hati moja

Hati ya shehena hutolewa na mwenye meli au wakala wake baada ya mzigo kupakiwa. Kwanza, ni stakabadhi inayothibitisha kwamba mzigo wa aina na idadi iliyotajwa umepokelewa, na hali yake ya nje ilivyokuwa. Pili, ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi kati ya mtumaji na mchukuzi. Tatu, na hapa ndipo ilipo nguvu yake, ni hati ya umiliki: mwenye kuishika kihalali ndiye mwenye haki ya kudai mzigo bandarini.

Hati ikiwa imeandikwa kwamba mzigo utolewe "kwa amri ya" fulani, basi huyo fulani aweza kutia sahihi nyuma yake na kumkabidhi mwingine, na haki ya mzigo ikahama pamoja na karatasi, hali meli ingali katikati ya bahari. Hati ya namna hiyo ndiyo iitwayo hati inayohawilishika. Ikiwa imeandikwa jina la mpokeaji mmoja tu bila neno la amri, haihawilishiki. Mzigo ni wa kutolewa kwa huyo aliyetajwa.

Desturi hiyo ilianza kwa wafanyabiashara kabla ya kukubaliwa na sheria. Katika kesi ya Lickbarrow dhidi ya Mason, iliyoamuliwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1787, mahakama za Uingereza zilikiri kwamba kuhawilisha hati ya shehena kwaweza kuhamisha mali yenyewe. Tangu hapo benki zimepata njia ya kukopesha fedha kwa dhamana ya mali ambayo hazijaiona: kuishika hati ni kama kuushika ufunguo wa ghala.

Hatari ya nakala tatu

Kwa mazoea ya zamani, hati ya shehena hutolewa kwa seti ya nakala tatu za asili, ili moja ikipotea njiani nyingine ifike. Ndani yake huwemo sharti kwamba nakala moja ikishatumika kutolea mzigo, zilizobaki hazina nguvu tena. Sharti hilo limewagharimu wengi. Mwaka 1882 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua shauri la shehena ya sukari iliyotoka Jamaika. Mpokeaji aliweka rehani nakala ya kwanza benki, kisha akaitumia nakala ya pili kuutoa mzigo gatini. Wenye gati hawakujua habari za rehani na walitenda kwa nia njema, hivyo hawakupatikana na hatia. Benki ndiyo iliyopata hasara.

Funzo lake halijachakaa. Anayenunua au kupokea rehani ya mzigo ulio safarini na akabidhiwe nakala zote tatu. Aliyekabidhiwa moja hajakabidhiwa mali. Amekabidhiwa mashindano ya kukimbilia bandarini.

Kutoka bandarini hadi Kasulu

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kasulu aliyeagiza kontena la mashine za kukoboa mahindi kutoka Mumbai. Muuzaji hataki kuachia mali kabla ya fedha, wala mnunuzi hataki kutoa fedha kabla ya mali. Benki huingia kati. Muuzaji hupakia mashine, hupokea hati, huipeleka benki yake, nayo huituma kwa benki ya mnunuzi nchini. Mnunuzi hulipa na kukabidhiwa hati iliyotiwa sahihi nyuma. Wakala wake wa forodha huipeleka kwa wakala wa meli mjini Dar es Salaam, naye hutoa idhini ya kuutoa mzigo.

Mpango huo ni mzuri, ila una kasoro moja: karatasi husafiri kwa mikono ya watu. Meli itokayo Mumbai yaweza kutia nanga kabla hati haijamaliza kupita katika benki mbili. Kontena hukaa bandarini, muda wa bure wa kuhifadhi ukaisha, na tozo zikaanza kuhesabiwa kila siku: tozo ya bandari kwa nafasi, na tozo ya kampuni ya meli kwa kontena lake. Gharama hiyo hatimaye humwangukia mkulima wa Kasulu anayelipia kukobolewa mahindi yake.

Ili kuepuka kuchelewa, zimezuka njia za mkato. Moja ni muuzaji kuisalimisha hati katika bandari ya kupakilia, na wakala wa huko akapeleka taarifa kwamba mzigo utolewe bila hati ya asili. Njia hii ni halali, lakini yafaa tu pale muuzaji alipokwisha kulipwa au anapomwamini mnunuzi. Nyingine ni kutoa mzigo kwa barua ya kinga, ambayo mpokeaji huahidi kumfidia mwenye meli iwapo mwenye hati halisi atajitokeza. Barua ya namna hiyo haimzuii mwenye hati kudai haki yake. Mchukuzi aliyetoa mzigo bila hati hubaki na deni, na thamani ya barua haizidi uwezo wa aliyeiandika.

Baada ya mzigo kutoka bandarini, safari ya bara huanza. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na kutoka Kigoma hadi Kasulu imebaki safari ya barabara ya kupanda milimani. Katika safari hiyo yote hati ya shehena ya baharini haina kazi tena. Mzigo sasa hufuatana na hati ya njia ya reli au ya lori, ambayo kwa kawaida haihawilishiki. Ni stakabadhi na ni ushahidi wa mkataba, lakini si hati ya umiliki. Mzigo ulio ndani ya behewa Tabora hauwezi kuuzwa kwa kuitia sahihi hati ya reli, wala benki haiwezi kuishika hati hiyo kuwa dhamana ya mkopo.

Si kila mzigo unaohitaji hati inayohawilishika. Chakula cha misaada kinachopelekwa kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, hakikusudiwi kuuzwa njiani. Hati yenye jina la shirika linalopokea hutosha, na huokoa muda.

Kahawa inayoshuka

Hasara ya pengo hilo huonekana zaidi kwa mali inayotoka bara kwenda pwani. Kahawa ya Arabika hulimwa katika nyanda za juu za Kigoma, zikiwemo sehemu za Buhigwe ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa ndani ya Wilaya ya Kasulu. Kahawa ikishaondoka ghalani na kabla haijapakiwa melini, hakuna karatasi inayobeba umiliki wake. Chama cha ushirika kinachosafirisha chenyewe hakina cha kuonyesha benki katika siku hizo, na mkulima hungoja.

Kwa mali iliyo ghalani, Tanzania imekwisha kuweka njia. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliruhusu stakabadhi yenye sehemu mbili: hati ya umiliki na hati ya rehani. Mwenye mazao aweza kuiweka benki sehemu ya rehani akapata fedha, huku akitafuta mnunuzi kwa sehemu ya umiliki. Mkulima aliyepata kuona stakabadhi ghala amekwisha kuelewa kanuni ya hati ya shehena; tofauti ni kwamba ghala limesimama na meli inatembea.

Pengo la njiani ndilo lililoishughulisha Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa, baada ya China kuleta pendekezo mwaka 2019 kuhusu mizigo ya reli iendayo Ulaya. Mwaka 2025 Tume hiyo ilikamilisha rasimu ya Mkataba juu ya Hati za Shehena Zinazohawilishika. Shabaha yake ni kwamba hati moja iweze kubeba umiliki kwa safari nzima, iwe ya reli, ya lori, ya ndege au ya meli, iwe ya karatasi au ya kielektroniki. Mkataba wa namna hii huifunga nchi iliyouridhia tu. Kwa nchi zisizo na bahari kama Burundi, na kwa wilaya za ndani kama Kasulu na Kibondo, jambo hilo lina uzito wake.

Kutoka karatasi hadi mtandao

Wengi huuliza: ikiwa barua na fedha zimeingia katika simu, mbona hati ya shehena imechelewa? Jibu ni kwamba barua ikinakiliwa mara kumi haidhuru. Hati ya umiliki ikinakiliwa mara kumi, wenye mali huwa kumi. Karatasi ya asili ina sifa moja ambayo kompyuta kwa tabia yake haina, nayo ni kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Jaribio kubwa la mapema lilikuwa mfumo wa Bolero, ulioanza mwaka 1999. Ulitegemea mapatano ya wanachama wake, na asiyekuwa mwanachama hakufungwa nayo. Mwaka 2017 Tume ya Umoja wa Mataifa ilipitisha Sheria Kielelezo ya Kumbukumbu za Kielektroniki Zinazohawilishika. Hiyo inataka mambo matatu: mfumo uweze kuonyesha ipi ndiyo kumbukumbu yenyewe, mtu mmoja tu awe na udhibiti wake kwa wakati wowote, na aweze kutambulika, na maandishi yake yabaki bila kuchezewa. Yakitimia hayo, udhibiti huhesabiwa sawa na kuishika karatasi mkononi. Bahrain iliifuata mwaka 2018 na Singapore mwaka 2021. Uingereza, ambayo sheria zake za biashara zina mizizi mirefu katika Afrika Mashariki, ilitunga sheria yake mwaka 2023. Mwaka huohuo kampuni tisa kubwa za meli za makontena ziliahidi kutoa hati zote kielektroniki ifikapo mwaka 2030.

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliipa sahihi ya kielektroniki nguvu ya kisheria, na matamko ya forodha hupelekwa kwa kompyuta. Hata hivyo yafaa ieleweke kwamba tamko la forodha si hati ya umiliki. Mzigo bandarini una kufuli mbili. Forodha hufungua ya kwanza kodi ikishalipwa. Mwenye meli hufungua ya pili hati ikishasalimishwa. Mwananchi anayeonyeshwa kwenye simu kwamba forodha imeruhusu mzigo, akadhani mzigo ni wake, amefunguliwa kufuli moja tu.

Mambo ya kuzingatia

Mwenye kuagiza mali asome hati kabla ya kulipa: imeandikwa kwa amri ya nani, nakala za asili ni ngapi, na bandari ya mwisho ni ipi. Hati inayoishia Dar es Salaam haimfungi mwenye meli kuufikisha mzigo Kasulu. Anayetaka mchukuzi mmoja awajibike hadi mwisho wa safari amwombe wakala wa usafirishaji hati ya uchukuzi wa njia mchanganyiko.

Picha ya hati iliyotumwa kwa simu ni habari, si mali. Isitumike kulipia, kuuzia wala kuwekea rehani. Hati ya kielektroniki ipokelewe tu iwapo benki, kampuni ya meli na mnunuzi wote wanautambua mfumo ulioitoa.

Watumishi wa umma wanaoagiza vifaa vya hospitali, shule au maji wahakikishe kwamba nakala za asili zinaandikwa katika daftari siku zinapopokelewa, pamoja na jina la aliyekabidhiwa. Siku moja ya hati kulala katika mtoto wa meza ni siku moja ya tozo kwa fedha ya umma.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo laweza kuhama kutoka karatasi kwenda katika kompyuta, na safari hiyo imekwisha kuanza. Wajibu wa mwenye mali haubadiliki kwa hilo: ajue wakati wote hati iko wapi, na iko chini ya nani.