Jibu la Kinyama Huanzia Kwenye Kichupa

Wanawake wawili, mmoja wa Kibokoni na mwenziwe wa Tononoka, mjini Mombasa, waweza kukutwa na uvimbe wa titi wa ukubwa mmoja, kisha huyu akaandikiwa vidonge vya tamoksifeni na yule asiandikiwe. Watu husema daktari kapendelea. Aliyeamua ni hadubini.

Kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe hulowekwa kwenye formalini, kikazamishwa katika nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kutiwa rangi: hematoksilini hufanya viini vya seli kuwa samawati, eosini hutia waridi kwingineko. Mwanapatholojia hutazama kama seli bado zajipanga kuwa vijifereji, viini vimeharibika umbo kiasi gani, na ni seli ngapi zinazogawanyika. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 3. Jumla ikifika 8 au 9, saratani hiyo ni kali.

Lakini ukali hauchagui dawa peke yake. Zatumika kingamwili zinazonasa vipokezi vya estrojeni na projesteroni, pamoja na protini ya HER2. Asilimia 1 tu ya viini vya saratani ikishika rangi kwa estrojeni, jibu ni chanya. HER2 husomwa 0 hadi 3+, na 2+ hudai kipimo cha jeni. Vipokezi hivyo viwili na HER2 vikikosekana vyote, saratani huitwa hasi tatu, na hapo tamoksifeni, inayolenga kipokezi cha estrojeni, haifai kitu.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba saratani za titi za Waafrika aghalabu hazina vipokezi. Mwaka 2014, utafiti wa Dkt. Shahin Sayed wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na wenzake ulikuta vipokezi vya estrojeni kwa takriban wagonjwa 7 kati ya 10 wa Kenya. Hasi tatu walikuwa kama mmoja kati ya 5. Huenda tofauti hiyo ilitokana kwa sehemu na maandalizi: kinyama kikichelewa kutiwa formalini, tena kwa joto hili letu la Mombasa, vipokezi huharibika na maabara husoma hasi ya uongo. Kinga ipo kwenye slaidi yenyewe: tezi zisizo na saratani zilizo kando ya uvimbe hushika rangi ya estrojeni. Nazo zisiposhika, jibu la hasi si la kuaminiwa. Kwa maoni yangu, kichupa cha formalini na saa ya ukutani vyatangulia mashine yoyote ya mamilioni.

Kwa hivyo, ukienda kutolewa kinyama Hospitali Kuu ya Pwani au kwengine kokote, uliza mapema: kitatiwa formalini ndani ya saa moja? Na ripoti ikija na neno hasi pasipo asilimia wala alama, irudishe uombe maelezo kabla ya kuanza dawa.